Amana, Mamlaka na Uhuru: Kutoka Muyaka hadi Sauti ya Dhiki

Maneno amini, imani, amani na amana yana shina moja la Kiarabu, na katika Kiswahili yamekaa pamoja kwa karne nyingi. Matatu ya kwanza hayakosekani katika uhakiki wa fasihi yetu ya kisiasa. La nne ni nadra kulikuta. Tunaandika kurasa nyingi juu ya uhuru na mamlaka, juu ya dhuluma na upinzani, na amana tunawaachia makadhi na wenye maduka, kana kwamba ni neno la mirathi na mizani tu. Ilhali mtu wa Mwambao ukimuuliza mtawala mbaya ni yupi, yamkini hatakutajia yule mkali. Ukali huvumilika. Atakutajia mwenye hiana, yaani aliyewekewa kitu cha watu akakila.

Makala haya yanalifuata neno hilo katika mji mmoja, Mombasa, tangu zama za Muyaka bin Haji hadi diwani ya Abdilatif Abdalla iliyotungwa gerezani kati ya 1969 na 1972. Hoja yetu ni kwamba washairi wa mji huu wameyapima mamlaka kwa kipimo cha amana kabla ya kuyapima kwa kipimo cha uhuru, na kwamba mhakiki asiyelizingatia hilo huishia kuyasoma mafumbo yao kama woga. Kwa kuwa hoja hii haithibitiki kwa matini peke yake, msomaji atatuwia radhi tukikaa na historia kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi ya kurasa hizi.

Mji na Ngome

Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, anayekadiriwa kuzaliwa mwaka 1776 na kufariki mwaka 1840, aliishi Mombasa katika miaka ya mwisho ya utawala wa Mazrui. Ukoo huu ulishika madaraka kwanza kama maliwali wa maimamu wa Kiyaarubi wa Omani. Nasaba ya Busaidi ilipochukua hatamu huko Omani katikati ya karne ya 18, Mazrui wa Mombasa walikataa kuitambua wakajitawala. Hata hivyo hawakuwa na nguvu za kujitawala peke yao. Walitegemea Taifa Kumi na Mbili za Waswahili wa mji, yaani Thelatha Taifa na Tisa Taifa, zilizokuwa na wazee wao na mapatano yao, na kwa njia ya mataifa hayo walitegemea Mijikenda wa bara ya karibu. Liwali aliyekosana na wazee hao alibaki na kuta za Ngome na mizinga iliyotazama bahari, na nyuma yake mji usiomsikiliza.

Hii ndiyo hali ambamo Muyaka alitunga. Imesemwa mara nyingi kwamba yeye ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Kauli hii imerudiwa hata imechakaa, na pamoja na ukweli wake inatufanya tulitazame soko kama mahali pa mzaha na mapenzi tu. Soko lilikuwa pia mahali pa ushahidi. Neno lililotiwa vina na kusemwa mbele ya watu halikuweza kukanwa kesho yake. Muyaka na Bwana Zahidi Mgumi wa Lamu walipojibizana katika miaka iliyoizunguka vita ya Shela, vita ambamo Mazrui na washirika wao wa Pate walishindwa vibaya katika mwongo wa pili wa karne ya 19, beti zao zilikuwa zaidi ya matusi ya majirani. Kila upande ulikuwa unaweka neno lake hadharani ili upande wa pili, na watu wa kati, walishike na walikumbuke.

Historia ya miaka iliyofuata ni historia ya maneno yaliyowekwa na kuvunjwa. Baada ya Shela, Lamu ilijikinga kwa Seyyid Said bin Sultan wa Omani. Mazrui nao walipobanwa walimwendea Mwingereza. Mnamo Februari 1824 Kapteni William Owen aliridhia bendera ya nchi yake ipandishwe Mombasa, na mji ukaamini kwamba umepata mlinzi. Serikali ya London haikuyakubali aliyoyafanya, na kufikia 1826 bendera ilikuwa imeteremshwa. Mwaka 1828 Seyyid Said alifika na merikebu zake, na baada ya mapigano akafanya mapatano na Salim bin Ahmad al-Mazrui. Mazrui wangeendelea kuutawala mji chini ya mamlaka yake, naye angeweka askari Ngomeni. Idadi ya askari walioingia ilizidi ile iliyokubaliwa, na Mazrui wakajikuta nje ya Ngome. Alipoondoka, watu wa Mombasa waliizingira Ngome hiyo mpaka njaa ikawatoa askari wake. Mashambulizi yake yaliyofuata, la mwisho likiwa la mwaka 1833, hayakufaulu.

Alichokikosa kwa mizinga alikipata kwa njia nyingine. Baada ya kifo cha Salim mwaka 1835, Mazrui waligombana juu ya urithi, na baadhi ya wakuu wa mataifa ya mji wakaanza kumwelekea Seyyid Said. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka 1837 Rashid bin Salim alikubali kuitoa Ngome na kukaa mjini kwa amani. Muda si mrefu wakuu wa Kimazrui walialikwa, wakakamatwa, wakasafirishwa hadi Bandar Abbas katika Ghuba ya Uajemi. Hawakurudi.

Tunalisisitiza tukio hili kwa sababu mbili. Kwanza, ndilo lililobaki katika kumbukumbu ya mji kuliko vita vyenyewe. Kushindwa vitani hakuna aibu kubwa, kwani vita ni mchezo wa pande mbili; bali kualikwa na kukamatwa ni kitu cha aina nyingine, kwa maana mgeni ni amana ya mwenyeji wake. Pili, linatuonyesha kwa nini Muyaka, ambaye alikuwa shabiki wa Mazrui bila kificho, hakuwasamehe watu wake mwenyewe. Katika tungo zake za kisiasa mna dhihaka kwa adui, naam, lakini mna pia karipio kwa mji unaogawanyika. Mshairi aliyekuwa mtumishi wa watawala tu asingekuwa na ulimi huo. Muyaka aliiona Mombasa kama kitu kilichowekwa mikononi mwa wote waliomo, liwali na raia, na kila aliyekitupa alimwita kwa jina lake.

Radhi ya Nyumbani

Ingekuwa kosa kudhani kwamba amana ni jambo la watawala na raia peke yao. Neno lenyewe lilitoka nyumbani kabla ya kufika barazani. Mfano ulio wazi zaidi umo katika kisiwa cha Pate, katika nyumba iliyompinga Seyyid Said huyohuyo. Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, alimsumbua Sultani kwa miaka mingi, na katika miaka ya 1840 jeshi lililotumwa Siyu lilishindwa na kumpoteza amiri wake. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Mwaka 1858 mjane wake, Mwana Kupona binti Msham, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa wasia ambao kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili ameusoma, au angalau amesoma habari zake.

Utendi huu umewagawa wahakiki. Wapo wanaouona kuwa katiba ya utumwa wa mwanamke, maana unamwamrisha binti amtii mumewe, amhudumie, asimsemeshe anapotaka kimya, na unaiweka radhi ya mume katika orodha moja na radhi ya Mungu, ya Mtume, ya baba na ya mama. Wapo wengine, akiwamo Ann Biersteker katika makala yake ya mwaka 1991, waliotutaka tuusome tena kwa kuzingatia uwezo wa lugha ya mzungumzaji, na kuona kejeli pale wenzao walipoona unyenyekevu. Sisi hatuna haja ya kuuamua ugomvi huo hapa, ingawa hatuoni kwamba kejeli peke yake inaweza kuubeba utendi wote. Tunaloliona ni hili: mama aliyeishi na muasi, katika mji uliokuwa umezoea kuzingirwa, alipokaribia kufa hakumwachia binti yake neno lolote juu ya Sultani. Alimwachia maneno juu ya nyumba.

Ukitafsiri ukimya huo kuwa ni kutojali siasa utakuwa umeukosa. Radhi, jinsi Mwana Kupona anavyoitumia, ni hesabu ya mwisho baina ya watu wawili ambao mmoja amewekwa mikononi mwa mwingine. Mume anaulizwa siku ya kiyama kama mke anavyoulizwa, na kauli ya mume kwamba ameridhika au hakuridhika ni ushahidi mbele ya hakimu asiyehongeka. Ni mfumo usio sawa. Hilo halina ubishi, na mwanamke ndiye anayebeba mzigo mzito. Lakini ni mfumo ambao mamlaka hayawi halali kwa nguvu zake yenyewe, bali kwa kuwa kuna siku ya kurudisha kilichowekwa. Fikra hiyo ikitolewa nyumbani na kupelekwa barazani inamtisha mtawala, kwani mtawala naye ataulizwa, na wa kumshuhudia ni wale aliodhani hawana sauti.

Waraka wa 1968

Kati ya 1895 na 1963 Mwambao wa Kenya ulikuwa, kisheria, ardhi ya Sultani wa Zanzibar iliyoshikwa na Mwingereza. Ngome ile ile ya Mazrui ikafanywa gereza la serikali ya kikoloni mpaka mwaka 1958. Uhuru ulipokaribia, swali la Mwambao lilileta mgawanyiko mkubwa: wengine walitaka ujitenge, wengine ujiunge na Kenya. Sheikh Abdilahi Nassir, kaka yake Abdilatif Abdalla, alikuwa miongoni mwa wanasiasa wa upande wa kujitenga. Mnamo Oktoba 1963 jambo lilimalizwa kwa mapatano ya London na barua baina ya Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa Kenya, na Muhammad Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar. Mwambao ungeingia Kenya. Kenya nayo ingeulinda uhuru wa dini, mahakama za kadhi, mafunzo ya Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu, na hati za ardhi zilizokuwapo.

Tazama sura ya mapatano hayo. Upande mmoja unakabidhi, upande wa pili unaahidi. Miezi mitatu baadaye, Januari 1964, serikali ya Shamte ilipinduliwa, na Sultani akakimbilia uhamishoni. Aliyeweka amana hakuwapo tena wa kuiulizia. Aliyebaki ni mwenye kuwekewa. Katika muda usiozidi miaka miwili katiba ya majimbo nayo ikafumuliwa, na mamlaka yakakusanyika Nairobi. Hatusemi kwamba kila ahadi ya 1963 ilivunjwa, kwani mahakama za kadhi zimebaki na zimo hata katika katiba ya 2010. Tunasema kwamba raia wa Mombasa aliyekuwa kijana katika miaka hiyo alikulia katika mji ambamo suala la neno lililowekwa halikuwa nadharia.

Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Alikuwa karani katika baraza la mji, na alijiunga na chama cha Kenya People's Union kilichoanzishwa na Jaramogi Oginga Odinga mwaka 1966. Msomaji anakumbuka yaliyokipata chama hicho. Wabunge waliohama walilazimishwa kurudi kwa wapiga kura mwaka huohuo. Katika uchaguzi wa mabaraza wa 1968 karatasi za wagombea wake zilikataliwa kwa madai kwamba hazikujazwa sawasawa, na wagombea wa chama tawala wakapita bila kupingwa. Hapo ndipo, Novemba 1968, ulipotoka waraka wa siri uitwao Kenya: Twendapi?, ulioandikwa na Abdilatif. Uliishambulia serikali kwa kuufunga mlango wa upinzani wa amani, na uliuliza ni njia gani itakayobaki mlango huo ukishafungwa.

Kuna sadfa moja ambayo wahakiki hawajaitilia maanani. Mwaka huohuo wa 1968 kilichapishwa Nairobi kitabu cha Kenyatta kiitwacho Suffering Without Bitterness, ambamo Rais anaeleza mateso ya kesi ya Kapenguria na kifungo chake tangu 1952 hadi 1961. Kitabu hicho kinamwomba msomaji amwamini mtu aliyeteseka bila kuweka kinyongo. Waraka wa Abdilatif, kwa upande wake, unakataa kwamba mateso ya jana ni dhamana ya kesho. Matini hizi mbili, moja ya jalada gumu na nyingine ya karatasi za kupigwa chapa na kusambazwa usiku, zinabishana juu ya jambo moja: je, mtu akishaaminiwa mara moja anaweza kuulizwa tena? Swali la kichwa cha waraka limeulizwa kwa wingi, na ni swali la abiria kwa nahodha.

Jibu lilikuwa kesi. Abdilatif alikamatwa Desemba 1968, akashitakiwa kwa uchochezi, akahukumiwa miezi 18. Upande wa mashtaka ukakata rufaa ukiona adhabu ni ndogo, na kifungo kikafikishwa miaka 3. Alikuwa na umri wa miaka 22. Sheria iliyotumika ilikuwa ya kikoloni, iliyokuwa imewafunga wapigania uhuru na magazeti yao, nayo haikuguswa bendera ilipobadilishwa. Oktoba 1969 chama chake kikapigwa marufuku.

Karatasi za Kamiti

Kwa sehemu kubwa ya kifungo chake Abdilatif alitengwa peke yake, na hakuruhusiwa kuandika. Tungo za Sauti ya Dhiki ziliandikwa kwa siri juu ya karatasi za choo, zikatolewa nje kwa msaada wa askari jela. Habari hii husimuliwa kama kisa cha ushujaa wa mshairi, na kwa hakika ni ushujaa. Ila katika masimulizi hayo yule askari hupita upesi mno. Sisi tungependa kumsimamisha kidogo.

Askari jela alikuwa ameapa. Dola ilikuwa imemwamini kwa funguo. Alipoificha karatasi katika nguo zake alivunja kiapo chake, na lau angekamatwa angepoteza kazi, pengine na uhuru wake. Mfungwa naye hakuwa na njia ya kujua kama ubeti aliouandika usiku ungemfikia ndugu yake Mombasa au ungelala juu ya meza ya mkuu wa gereza asubuhi. Kila shairi katika diwani hii, kabla halijawa shairi kwetu, lilikuwa jaribio la kumwamini mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutoaminiwa na mfungwa. Dola yenye kuta, sheria, mahakama na rufaa ilishindwa mahali hapo padogo. Wenye kusema kwamba askari huyo alifanya hiana wana hoja, kwani alikula yamini. Inabidi basi waseme pia amana ya nani ilikuwa na haki zaidi juu yake, ya serikali iliyompa funguo au ya mtu aliyefungwa kwa sababu ya kuuliza swali.

Hali hii ya utunzi inatuwezesha kulitazama upya suala la umbo. Msomaji anaujua mgogoro wa ushairi wa Kiswahili ulioshamiri tangu miaka ya 1970, baina ya walioshikilia vina na mizani na walioanza kutunga mashairi huru, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974. Katika mgogoro huo neno uhuru lilitumiwa na upande wa pili: vina ni pingu, mizani ni gereza. Ni tamathali nzuri, na yenye kuvutia vijana. Lakini mshairi aliyekuwa gerezani kwelikweli hakuiona hivyo. Abdilatif alitunga kwa bahari za jadi, kwa Kimvita kizito, na tarbia yake ina mizani 16 katika kila mshororo, 8 kwa 8. Kwa mtu anayeandika juu ya karatasi inayochanika, asiyejua kama atakiona tena alichokiandika, kanuni hizo zina kazi. Neno likidondoka, pengo linaonekana. Mnakili akibadilisha, kina kinamfichua. Shairi linaweza kuhifadhiwa kichwani karatasi ikipotea. Umbo linakuwa lakiri juu ya barua.

Jambo hili lilimfaa Muyaka vilevile. Tungo zake zilikaa katika vichwa vya watu wa Mombasa kwa miongo kadhaa baada ya kifo chake, mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, alipozikusanya kwa ajili ya W. E. Taylor. Hichens akazichapa Johannesburg mwaka 1940, na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akatupa kitabu chake kinachotumika hadi leo katika vyuo vyetu. Ni mlolongo wa watu wanaokabidhiana, baadhi yao wageni wenye shabaha zao za kimisheni, na bado tungo zimetufikia.

Sasa tuyaendee mafumbo. Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Ndivyo wasemavyo wahenga, na wahakiki wengi wameishia hapo. Kwao, "Mamba" ni shairi la mnyama anayejigamba mtoni kwa sababu mtunzi hakuthubutu kumtaja mtu. "Jipu" ni maradhi ya mwili kwa sababu maradhi ya nchi hayakutajika. "Telezi" ni matope ya mvua kwa kuogopa kutaja utelezi wa siasa. Usomaji huu una kasoro ya wazi. Mtunzi wa mashairi haya alikuwa ameshasema kila kitu waziwazi katika waraka wa 1968, na alikuwa amekwisha kuulipia. Dola haikuhitaji mfasiri wa kuiambia mamba ni nani. Tena katika "Kuno Kunena" analiuliza suala lake la kusema na kufungwa bila pazia lolote, na katika "N'shishiyelo ni Lilo" na "Siwati" msimamo wake unatangazwa kuanzia kichwa cha shairi. Mwoga haandiki hivyo akiwa chini ya ulinzi.

Kama fumbo si pazia, ni nini? Kwa maoni yetu ni namna ya kuweka amana. Mtunzi anaacha sehemu ya maana mikononi mwa msikilizaji, akimwamini kwamba ataijaza na hataipotosha. Waraka unamwambia msomaji la kufikiri; fumbo linamwachia. Ndiyo maana diwani hii inaweza kuyaweka mashairi ya dola kando ya mashairi ya nyumbani bila mshono kuonekana. Katika "Mnazi: Vuta N'kuvute", Badi na Alii wanagombea mnazi mmoja, kila mmoja akidai haki yake, na msomaji hawezi kukata kauli mapema kama hiki ni kisa cha ndugu na shamba la wazazi au cha wananchi na nchi. Katika "Usiniuwe!" anayezungumza ni kiumbe ambacho hakijazaliwa, kikimwomba mama yake. Shairi hili limesomwa kama mahubiri dhidi ya utoaji mimba, na linaweza kuwa hivyo. Msomaji wa leo anaweza kutofautiana nalo kwa sababu zake. Tunaliangalia kwa jinsi lilivyo katika diwani ya mfungwa: sauti ya aliye ndani kabisa ya mamlaka ya mwingine, asiye na silaha wala mahakama, aliyebaki na neno tu la kumkumbusha aliyembeba kwamba amebeba. Mwana Kupona angeielewa hali hiyo. Hata mfungwa wa Kamiti aliielewa, na huenda ndiyo sababu aliiandika huko.

Wenzake waliomfuata walirithi suala hili kwa namna tofauti. Alamin Mazrui, aliyezuiliwa mwaka 1982 baada ya tamthilia yake Kilio cha Haki ya mwaka 1981, alitoa Chembe cha Moyo mwaka 1988, na humo mizani ya jadi na mashairi huru yanakaa pamoja. Mwaka huohuo wa 1988 wapiga kura wa Kenya walipangwa foleni nyuma ya picha za wagombea, katika utaratibu uliojulikana kama mlolongo. Dola ilikuwa imeamua kwamba raia hawezi kuaminiwa na siri ya karatasi moja ya kura. Utaratibu huo uliachwa baada ya malalamiko ya wananchi mbele ya kamati ya chama tawala mwaka 1990. Ni karatasi ndogo, kama zile za Kamiti, na ugomvi ulikuwa uleule juu ya nani atakayeishika bila kuangaliwa.

Abdilatif aliachiliwa Machi 1972 akaenda Dar es Salaam, kisha London na baadaye Leipzig. Sauti ya Dhiki ilichapishwa na Oxford University Press mwaka 1973. Mwaka 1974 ilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Watu wengi huicheka sadfa hii, mfungwa kutuzwa kwa jina la aliyemfunga, na wengine huitaja kama ushahidi wa ukarimu wa zama hizo. Waamuzi wa tuzo walifanya kazi yao ya fasihi, na walifanya vizuri. Lakini sheria ya uchochezi iliyompeleka Abdilatif Kamiti ilibaki kitabuni mpaka ilipofutwa katika mageuzi ya mwaka 1997. Kwa miaka 23 basi, mkono mmoja ulikuwa na maandishi mawili nchini Kenya. Moja liliweza kununuliwa dukani likiwa na sifa ya tuzo. Jingine, Kenya: Twendapi?, lilimtia hatarini yeyote aliyekutwa nalo, na aliyekuwa nalo alilificha ndani ya nyumba yake na kuchagua kwa makini sana ni jirani gani wa kumwonyesha.